Tupeane uzoefu: kinyama cha kizazi kimepelekwa maabara, siku za kusubiri majibu zinapitwaje?

Mwanzisha mada, Mbeya mjini

Habari za jioni dada zangu, mama zangu, na kina baba mliopo.

Hii ni mada ya wale walioambiwa "tunachukua kinyama tukapime", wakapewa tarehe ya kurudi, wakaondoka na karatasi mkononi. Kati ya siku hiyo na siku ya majibu ndipo mtu anapokonda. Saratani anaiogopa, lakini kinachomla zaidi ni kutojua: amepimwa nini hasa, majibu yanakaa wapi, na kwa nini yanachelewa. Naomba tusilete habari za fulani alikufa na fulani akapona. Mwenye ujuzi aseme anachokijua kwa undani, ili mtu anayekesha na simu usiku wa leo kule Uyole, Mafinga au Makete apate kitu cha kushika.

Naanza na jambo linalowachanganya wengi. Kupakwa siki kwenye kampeni za kituo cha afya ni kipimo cha mlango wa kizazi. Hakioni ndani ya kizazi. Chanjo ya mabinti iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2018 nayo ni ya mlango wa kizazi. Saratani ya kizazi chenyewe huota kwenye utando wa ndani, ule unaotoka kila mwezi kama hedhi. Kwa hiyo mama aliyepakwa siki akaambiwa "uko salama", kisha akaona damu miaka mitatu baada ya hedhi kukoma, hiyo damu ni swali jipya na linataka kipimo kingine. Asiseme "mbona nilishapima".

Na hili lisemwe mapema: katika wanawake 10 wanaotoka damu baada ya kukoma hedhi, takribani mmoja ndiye hukutwa na saratani ya kizazi. Wengine huwa na utando uliokonda kwa umri, kijinyama kilichoota ndani kisicho saratani (polipu), uvimbe, utando ulionenepa kwa homoni, au maambukizi. Mmoja katika kumi si wa kupuuzwa, ndiyo maana tunapima. Lakini tisa nao wapo, na anayekesha ana haki ya kuwajua.

Muuguzi, wodi ya wanawake

Asante kwa kuanzisha, dada. Niongeze upande wa vipimo, kwa mpangilio ambao mara nyingi hufuatwa.

Kwanza daktari anaangalia kwa kile chuma cha kutanua njia. Msikikatae. Damu inaweza kuwa inatoka mlangoni na si ndani, na hapa kwetu saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake.

Pili, altrasaundi. Ya tumboni inataka kibofu kijae: maji kama lita moja, saa moja kabla, na usikojoe. Ya kuingiza kifaa ukeni inataka kibofu kitupu. Wengi wanakunywa maji, wanavumilia foleni nzima, wakifika wanaambiwa wakakojoe kwanza. Ulizeni dirishani siku ya kupewa miadi.

Kwenye karatasi ya altrasaundi tafuteni unene wa utando, umeandikwa kwa milimita. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, 4 au chini yake ni habari njema: uwezekano wa saratani unakuwa chini ya 1 katika 100. Ukizidi 4 haina maana ni saratani, maana yake ni kwamba picha pekee haitoshi na kinyama kichukuliwe. Hata aliyepimwa akakutwa na 3, damu ikijirudia arudi. Kwa ambaye bado anaona hedhi namba hiyo haitumiki hivyo, kwa sababu utando wake unanenepa na kukonda kila mwezi. Nimeona binti wa miaka 30 analia kwa ajili ya milimita 11 ambazo kwa siku yake ya mzunguko ni za kawaida kabisa.

Tatu, kinyama chenyewe. Kuna mrija mwembamba wa plastiki, upana wake kama milimita 3. Unapita mlangoni, kijiti cha ndani kinavutwa, utando unanyonywa. Ni dakika chache. Maumivu yake ni ya msokoto kama wa hedhi kali, yanapanda haraka na kushuka haraka. Ibuprofeni 400 saa moja kabla, ukiwa umekula, inasaidia. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za kuyeyusha damu aulize kwanza, huenda akapewa parasetamo. Dawa za kuyeyusha damu asiziache kwa uamuzi wake.

Mrija usipopita, au kinyama kikiwa kidogo, mtu hupangiwa kusafishwa kizazi kwa dawa ya usingizi. Hapo ni kukaa bila chakula saa 6. Chai ya maziwa ni chakula, tafadhalini. Mwenye kisukari aseme mapema ili apangwe asubuhi na aelekezwe kuhusu dawa zake.

Ukishatoka, matone ya damu kwa siku chache ni kawaida. Homa, uchafu unaonuka, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au pedi kujaa kila saa kwa saa mbili mfululizo: hiyo si ya kusubiri tarehe, rudi hata usiku.

Mchangiaji, Makambako

Dada muuguzi, kuna wanaonunua vidonge vya kukata damu duka la dawa wakati wanasubiri miadi. Ni sawa?

Muuguzi, wodi ya wanawake

Hapana, mama. Vile vidonge vingi ni homoni. Damu itakata kweli, lakini vinabadilisha utando, na anayesoma kinyama kwenye hadubini anaweza kusoma athari ya kidonge badala ya ugonjwa. Kama umeshavimeza usifiche. Andika jina la dawa, ulianza lini, uliacha lini, upeleke. Mizizi na unga wa kuweka ukeni vilevile: unachubua, unaleta maambukizi, na damu ya mchubuko inazidi kuwachanganya wanaopima.

Fundi wa maabara

Nieleze kinapokwenda kile kinyama, maana hapo ndipo watu wanapowaza mabaya.

Kinatoka kizazini kikiwa vipande vidogo laini vyenye damu. Kinatumbukizwa kwenye kichupa cha formalini, maji yasiyo na rangi yenye harufu kali ya kuchoma pua. Formalini iwe kama mara 10 ya ujazo wa kinyama. Baada ya muda vipande vinapauka na kukakamaa, kama nyama iliyopitiwa na maji ya moto. Ni sawa, hivyo ndivyo vinavyohifadhika. Vikiwekwa kwenye maji ya kawaida au dripu vinaoza, na hakuna hadubini ya kuvirudisha.

Kikifika maabara kinakaa kwenye formalini angalau saa 6, kinapitishwa kwenye spiriti ili maji yatoke, kinajazwa nta, kinagandishwa kuwa kipande kama cha mshumaa. Halafu kinakatwa vipande vyembamba vya mikroni 3 hadi 5 (unywele wa kichwani una mikroni kama 70, mfananishe wenyewe), kinabandikwa kwenye kioo na kupakwa rangi ya zambarau na ya waridi. Hapo ndipo daktari wa patholojia anakisoma. Kazi ya mikono ni siku chache. Wiki zinaliwa na foleni, na usafiri pale hospitali isipokuwa na daktari wa patholojia, na vioo vinavyotakiwa kupakwa rangi ya ziada.

Kwa hiyo kuchelewa si jibu. Majibu mabaya hayachelewi kuliko mazuri. Narudia kwa ajili ya aliyepitiliza tarehe na ameanza kuaga watoto.

Mambo yanayokwamisha kweli ni haya: kichupa hakina jina, jina la kichupa halilingani na la fomu, umri na tarehe ya hedhi ya mwisho havikujazwa, au malipo hayakukamilika. Kwa hiyo kabla hujaondoka, omba uone kichupa. Soma jina lako, namba ya faili, tarehe. Hakuna mhudumu mwema atakayekasirika. Kisha uliza namba ya sampuli, iandike kwenye simu na kwenye karatasi. Ukipiga ukasema "mimi ndiye yule mama niliyekuja Jumatano" utazungushwa. Ukitaja namba, mtu anafungua rejista. Tarehe waliyokupa ikipita kwa siku tatu, piga au tuma mtu. Kufuatilia ni haki yako, humsumbui mtu.

Na ikija "sampuli haitoshi", si saratani iliyofichwa. Ni kwamba hakukuwa na cha kutosha cha kusoma, jambo la kawaida kwa waliokoma hedhi zamani, maana utando wao ni mwembamba. Muulize daktari kama itarudiwa au altrasaundi inatosha. Damu ikiendelea, irudiwe.

Mnasihi, Iringa

Kamwene, ndugu zangu. Mie nashika upande wa kichwa na moyo, kwa vitendo.

Wasiwasi haufukuzwi kwa kuambiwa "usiwaze". Upe saa yake. Chagua dakika 20 za mchana, tuseme saa kumi jioni, ukae kwenye kiti, si kitandani, na daftari. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika unachohofia, kulia andika hatua moja unayoweza kuichukua juu yake. "Nani atakaa na watoto nikilazwa?" Kulia: "Niongee na mama mdogo Jumapili." "Itakuwa imesambaa." Kulia hakuna hatua, andika "swali la daktari". Muda ukiisha funga daftari. Wazo likija saa nane usiku, liambie lina saa yake kesho. Siku za kwanza zoezi hili linaweza lisifanye kazi vizuri, usiache hapo. Ukiendelea, kichwa kinazoea.

Usiku usingizi ukikataa kwa nusu saa, toka kitandani. Jifunike vizuri, mwezi wa sita na wa saba huku kwetu baridi si ya mchezo. Keti, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, dakika tano. Simu ibaki chumba kingine, kwa sababu kutafuta dalili usiku kunaishia kwenye picha ambazo hazikuhusu.

Sasa watu. Chagua mmoja awe msemaji wako: dada, mume, wifi unayemwamini. Wengine wote, wa kikoba na wa kanisani, wapate sentensi moja: "Amepimwa, majibu bado, yakitoka tutawaambia." Bila hivyo utajikuta unawafariji wageni kumi waliokuja kukufariji. Kwa mume lisemwe wazi: saratani hii ya utando wa ndani ya kizazi haiambukizi, hailetwi na uzinzi, sahani na kitanda ni vilevile. Nyumba nyingi zimevurugika kwa neno ambalo daktari hakulisema.

Na msiuze shamba. Msing'oe viazi kabla havijakomaa eti mpate hela ya Dar. Kabla ya majibu hamjui kama kuna safari. Kinachotosha kwa sasa ni kuhakiki kadi ya bima na kuuliza ni huduma zipi inalipia, kuweka nauli ya kurudi kliniki, na kujua ramani: upasuaji wa kutoa kizazi ndio tiba ya kwanza kama ugonjwa haujasambaa, na si kila mmoja anahitaji mionzi. Anayeihitaji ndiye wa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar, au hospitali nyingine yenye mashine.

Mtu akikosa usingizi au chakula kwa wiki mbili, au akaanza kusema heri afe, asiachwe na daftari. Apelekwe kliniki ya afya ya akili, siku hiyohiyo.

Mtaalamu wa lishe

Kwa ufupi. Damu inayotoka inapunguza damu mwilini, na upungufu wa damu unaleta moyo kwenda mbio na pumzi kukatika. Mtu anadhani ni hofu kumbe ni damu. Omba upimwe wingi wa damu.

Huku tunapolima chai, Rungwe na Mufindi, tunakunywa chai na kila mlo, na chai inazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Isogezeni, saa moja kabla au baada ya kula. Vidonge vya chuma vimezwe na maji ya ndimu au chungwa. Choo kitakuwa cheusi, msishtuke. Maini, dagaa, maharage na mboga za majani viwepo. Hesabu pedi kwa siku na uandike, namba hiyo daktari anaihitaji kuliko neno "nyingi".

Mwanzisha mada, Mbeya mjini

Ndaga, wapendwa. Bado hatujagusa siku yenyewe ya majibu. Fundi?

Fundi wa maabara

Nenda na mtu, yeye ndiye aandike. Masikio ya mgonjwa hufunga baada ya sentensi ya kwanza.

Maneno utakayokutana nayo: "atrofi" ni utando uliokonda, si saratani. "Polipu" mara nyingi si saratani. "Haiperplasia bila atipia" ni utando ulionenepa lakini seli zake hazina sura isiyo ya kawaida (hiyo ndiyo atipia), hutibiwa kwa homoni na kufuatiliwa. Wasiofika 5 katika 100 ndio hugeuka kuwa saratani ndani ya miaka 20. "Haiperplasia yenye atipia" ni nzito zaidi, mara nyingi kizazi hutolewa. "Adenokasinoma" ni saratani. Hapo kutakuwa na neno gredi, 1 hadi 3. Gredi ni namna seli zinavyoonekana kwenye kioo, si hatua ya ugonjwa. Mtu anasoma gredi 3 anaambia nyumbani "niko hatua ya tatu", na nyumba inaanza msiba. Hatua hujulikana baada ya vipimo vingine au upasuaji.

Muulize daktari: kinyama kilitosha? Hili neno lina maana gani kwangu? Kinachofuata ni nini, wapi, na kabla ya tarehe gani? Kisha omba nakala ya karatasi, na uipige picha kwa simu kabla haijaingia kwenye faili.