Naomba ushauri: kuhamisha Eryngium yenye mzizi mrefu

Ndugu wapenda bustani, nawasalimu. Ninaishi Colchester, mashariki mwa Uingereza, ambako miaka mitatu iliyopita nilipanda miche mitano ya Eryngium planum, mmea wa kudumu wenye miiba na maua ya buluu ambayo mtu angeyadhania kuwa ya mbigili, ingawa kwa ukoo ni ndugu wa karoti. Nikidhani ninautendea wema, niliupanda kwenye udongo uliojaa samadi, tena chini ya kivuli cha ukuta. Matokeo yake mashina yamerefuka na kulala, maua yamebaki ya kijani kilichofifia, na miche miwili ilioza shingoni wakati wa baridi, maji yalipotuama.

Sasa nataka kuihamishia mitatu iliyobaki mahali penye jua na changarawe. Kinachonitia hofu ni mzizi wake mkuu, ambao huzama chini sana na haupendi kusumbuliwa. (Hapa mjini, zamani, mizizi ya jamaa yake wa ufukweni, Eryngium maritimum, ilipikwa kwa sukari ikauzwa kama peremende, mimi sina nia hiyo.)

Je, nichimbe mmea mzima mwanzoni mwa majira ya machipuko, au niuache ulipo, kisha wakati wa baridi nikate vipande vya mizizi vya sentimita 5 hivi na kuviotesha kwenye mchanga? Ningependa hasa kumsikia aliyewahi kuhamisha mmea wa umri huu ukapona, na kina alichochimba.