Mibuni ya kihamba ina majani mengi lakini maua machache: nianze na kupogoa au na kupunguza kivuli?

Mrithi wa Kihamba, Marangu

Ndugu wakulima, ninaomba ushauri. Nimekabidhiwa kihamba cha familia, yaani shamba letu la nyumbani, chenye mibuni ya zamani ya arabika aina ya N39, iliyopandwa kwa nafasi ya futi 9 kwa 9 chini ya migomba na miti mikubwa ya kivuli iitwayo miruka. Ukiitazama utasema ina afya, kwa kuwa majani yamekolea rangi, lakini mashina yamerefuka kiasi kwamba mchumaji hulazimika kuyavuta kwa ndoano, na kila shina limezungukwa na machipukizi. Mvua za vuli zilipofika, maua yalichanua kwenye matawi ya juu kabisa tu. Ya katikati na ya chini hayakuonyesha kitu. Jirani ananishauri nikate mashina yote yachipue upya, ilhali mama yangu mdogo hataki tawi lolote liguswe maadamu bado kuna kahawa mtini. Ningependa kujua nianze wapi, na ni matawi yapi yanayostahili kubaki.

Mama Kahawa, Machame

Hongera kwa kukabidhiwa kihamba, mwanangu. Kabla ya kushika mkasi, fahamu kwamba mbuni wa arabika huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia, na kifundo kikishazaa vizuri mara moja hakitegemewi tena, ndiyo maana mazao husogea nje kuelekea nchani mwaka hadi mwaka. Tawi la kando lililonyimwa mwanga mwaka huu litarefuka kidogo na kutunga vitumba vichache, na mwakani halitakuwa na pa kuweka maua. Vitumba hulala wakati wa kiangazi, kisha mvua ikinyesha vya kutosha huchanua baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Kwa hiyo anayesubiri kuona maua ndipo afungue mti amechelewa kwa msimu huo. Mwanga unahitajika mapema, tawi linapokua na kutunga vitumba.

Simama chini ya mti saa sita mchana, jua likiwa utosini, utazame ardhi. Ukiona kivuli kizito kisicho na hata doa la jua, ndani ya mti huo hakuna tawi litakalozaa vizuri. Chagua mashina 2 au 3 yenye nguvu, yaliyoachana vya kutosha, na uondoe mengine kwa msumeno mkali. Katika yale yaliyobaki, toa matawi makavu, yaliyochoka kuzaa, yanayogusa ardhi na yanayorudi ndani kukingamana na wenzake, pamoja na vijitawi vyote vilivyoota karibu na shina kwa upana wa kiganja. Acha matawi machanga yanayotazama nje, kwa kuwa hayo ndiyo mavuno yako yajayo. Chipukizi utalitambua kwa sababu husimama wima, wakati tawi la kuzaa hulala upande. Ling'oe kwa mkono lingali laini, kwa maana likikomaa litakula chakula cha mti na kukulazimisha kutumia mkasi.

Usivue mti majani mengi kwa mara moja. Mbuni uliokatwa kupita kiasi hujibu kwa kutoa machipukizi tele badala ya matawi ya kuzaa, nawe utajikuta unarudia kazi ileile.

Mkulima wa Kibosho

Ninaongeza jambo moja, nalo nadhani ndilo la kwanza kwa kihamba cha namna hiyo. Punguza migomba ibaki mitatu kwa kila shina, yaani mama, mtoto na mjukuu, kisha kata matawi ya chini ya miruka. Hakuna upogoaji wa mbuni utakaofaa kitu ikiwa mwanga umeshazuiwa huko juu. Hata hivyo, fanya taratibu na usiondoe kivuli chote, kwa kuwa majani yaliyozoea kivuli huungua yakipigwa na jua kali ghafla, na mbuni ulioachwa juani bila samadi ya kutosha hubeba matunda kuliko nguvu zake, matawi yakaanza kukauka kutoka nchani.

Bwana Shamba Mstaafu, Bukoba

Jirani yako hajakosea kabisa, isipokuwa katika neno "yote". Mibuni ambayo matawi yake ya chini yamekwisha kufa haifufuki kwa kupunguza matawi, kwa sababu mti huo hauna tena pa kuzaa isipokuwa kileleni. Kwa hiyo kata shina kwa mshazari, sentimeta 30 hadi 45 kutoka ardhini, ili maji ya mvua yateremke, na uache shina moja la kupumulia linalolisha mizizi hadi machipukizi mapya yatakapokomaa. Baadaye utachagua machipukizi 2 au 3 yaliyotokea pande tofauti. Kwa kuwa utangoja takriban miaka miwili kabla ya kuona mavuno ya maana, fanya mstari mmoja baada ya mwingine ili familia isikose kahawa ya kuuza.

Mahali penye mapengo, ukipanda miche mipya, iinamishe ingali michanga na uifunge kwenye kigingi. Machipukizi yatatoka upande wa juu wa shina lililolala, nawe utapata mashina kadhaa yaliyoachana tangu mwanzo.

Mrithi wa Kihamba, Marangu

Nawashukuru sana wazee wangu. Je, hoja ya mama mdogo niipuuze?

Mama Kahawa, Machame

Usiipuuze hata kidogo. Upogoaji mkubwa husubiri mavuno yaishe, kwa kawaida Januari au Februari, kabla ya masika, ili usiangushe kahawa iliyoiva na mti upate mvua ya kuchipua. Mweleze pia kwamba N39 haina ukinzani dhidi ya chulebuni, ugonjwa wa ukungu unaoharibu matunda ya kahawa, na mti uliofunguka hukauka umande mapema na kupitisha dawa hadi ndani, hivyo matunda atakayoyavuna yatakuwa salama zaidi. Kung'oa machipukizi hakuna msimu. Hilo unaweza kulianza kesho asubuhi, naye hatakukataza.