Jina lako la ukoo lilitokea wapi? Tupeane uzoefu, naanza mimi na Shija

Habari wadau. Mimi nimekulia Mtwara, mzee alihamishiwa kule kikazi, na shule nzima wenye jina la Shija tulikuwa mimi na mdogo wangu basi. Kila mwalimu mpya akifika kwenye jina langu lazima asimame, Shija ndo nini? Sina jibu. Kuna ofisi moja wakaniandika Shirima, nadhani karani alijua mwenzie kakosea akarekebisha, ikabidi niende kwa wakili nikaape kwamba mimi ndo yule yule.

Mwaka juzi nikaenda Maswa kumsalimia bibi, tumekaa nje anamenya karanga, nikamuuliza. Mikono ikasimama. Akasema kwani hujui babu yako alikuwa na wakubwa zake wawili? Usukumani mapacha, anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao, awe wa kike au wa kiume, ni Shija. Wale mapacha walifariki wachanga. Hakuna picha, kaburi halijulikani, hata baba yangu hakuwahi kutajiwa. Kilichobaki ni jina la babu, na baba alivyoanza shule akatakiwa jina la tatu akaandika la babake, sisi tukafuata, ndo likawa la ukoo. Mimi si Shija wa kuzaliwa, sikufuata mapacha, ila nikisaini naandika habari ya wale watoto. Sasa hivi nikiulizwa naeleza yote hata kama foleni ni ndefu.

Nyie je?

Mdau wa Mwanga:
Pole mkuu, hiyo imenigusa. Mimi ni Mshana. Huku Upareni Washana ndo wahunzi, na kule Ugweno zamani ndo walikuwa watawala kabla ukoo wa Wasuya haujawapindua. Babu yangu alikuwa bado anafua majembe, nilikuwa navuta mvukuto wa kupulizia moto likizo, chuma kikiiva rangi ya papai ananipigia kelele nisiache. Mvukuto upo mpaka leo darini, ngozi imeliwa na panya. Wanangu wako Dar, jina wanalo, nyundo ya babu hawajawahi kuishika, na mwezi wa 12 lazima niwapeleke.

Mdau wa Kisumu:
Kwetu Wajaluo, Okoth ni mvulana aliyezaliwa mvua ikinyesha, msichana ni Akoth. Babu alizaliwa usiku wa mvua, na vitambulisho vilipokuja sote tukawa Okoth mpaka dada zangu. Mkubwa akienda nyumbani wazee wanamuuliza mbona unabeba jina la mwanaume, yeye anawajibu hilo ni la babu. Kwa shosho, yaani bibi, anaitwa Akoth tu, na alizaliwa Januari, jua kali.

Mwanzisha uzi:
Mdau wa Mwanga, huo mvukuto utoe darini, piga picha uweke hapa.