Ni nani aliyeitenga Zanzibar na Maskati: wana wa Sayyid Said au Waingereza?

Msomaji wa Pangani

Ndugu wanajukwaa, assalaam aleikum. Tulifundishwa shuleni kwamba dola ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman (makao yake Maskati) na Zanzibar, iligawanywa na Waingereza mwaka 1861, kwa uamuzi wa Lord Canning aliyekuwa Gavana Mkuu wa India. Lakini Sayyid alifariki tarehe 19 Oktoba 1856, akiwa melini karibu na Shelisheli katika safari ya kurejea Unguja, na kila nikifuatilia miaka mitano iliyofuata naona ugomvi wa wanawe ulikwisha kupamba moto kabla Mwingereza hajaketi kuamua. Je, ni haki kumbebesha Canning lawama yote?

Mwalimu Mstaafu

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Mgawanyo huo aliutia mkononi kwanza mzee mwenyewe. Mwaka 1844 Sayyid Said alimwandikia Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akieleza kwamba anataka mwanawe Khalid atawale milki za Afrika na Thuwaini atawale za Oman. Khalid alifariki mwaka 1854, na uliwali wa Unguja akapewa mwanawe mwingine, Majid. Kwa hiyo, mzee alipofumba macho, Thuwaini alikuwa ameishika Maskati na Majid ameishika Unguja pamoja na forodha yake, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuachia.

Kanuni ya urithi ambayo wote wangeikubali haikuwapo. Kwa Waibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya watawala hao, imamu huchaguliwa, wala uongozi si mali ya kugawanywa kama shamba la minazi. Na kwa vitendo aliyetawala ni yule aliyekubaliwa na makabila akaweza kujilinda. Sayyid Said mwenyewe aliingia madarakani mwaka 1806 baada ya kumuua binamu yake Badr bin Saif, jambo ambalo wanaomsifu hupenda kulipita haraka.

Hata hivyo, nadhani ugomvi huu uliwashwa na fedha kuliko cheo. Biashara ya Unguja, yaani karafuu, pembe za ndovu na watumwa, ilikuwa imeipita Maskati kwa mbali. Majid alikubali kumpelekea kaka yake reale 40,000 za Maria Theresa (sarafu za fedha) kila mwaka, lakini Thuwaini alizihesabu kuwa kodi ya mtu aliye chini yake, na Majid hakukubali kabisa kwamba yuko chini ya mtu. Malipo yaliposimama, Thuwaini aliandaa majahazi na askari mwaka 1859 ili aje kuichukua Unguja kwa nguvu, na Waingereza ndio waliomzuia asifike.

Bint Forodhani

Naomba niongeze habari ya Barghash, mwana mwingine wa Sayyid Said, kwa sababu bila yeye kisa hiki huonekana kama ugomvi wa watu wawili tu. Alikuwa melini baba yake alipokufa, na alipofika Unguja alijaribu kuiteka ngome kabla Majid hajajipanga, akashindwa. Mwaka 1859 alijaribu tena, safari hii akiungwa mkono na Waharthi, kabila la Waarabu, na baadhi ya dada zake. Mmoja wao ni Salme, ambaye alikuwa bado binti mdogo na akafanywa mwandishi wa barua za njama kwa sababu alijua kuandika. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walimtoa humo akiwa amefunikwa nguo za kike, naye akaenda kujiunga na wafuasi wake katika shamba la Unguja liitwalo Marseilles.

Majid hakuweza kuuzima uasi ule peke yake. Rigby, balozi wa Uingereza Unguja, alileta askari wa majini wa Kiingereza, Barghash akasalimu amri, akapelekwa uhamishoni Bombay. Kwa maoni yangu, deni lile lilimfunga Majid kuliko hati yoyote iliyotiwa saini baadaye.

Msomaji wa Pangani

Nashukuru nyote wawili. Mwalimu, sasa uamuzi wa Canning uliongeza nini, ikiwa mambo yalikuwa yamekwisha kugawanyika yenyewe?

Mwalimu Mstaafu

Uliongeza mhuri, na mhuri ule ulikuwa wa mgeni. Ndugu hao wawili walikubali wenyewe kupeleka shauri lao kwa Gavana Mkuu, naye, baada ya uchunguzi ulioongozwa na Brigedia Coghlan kutoka Aden, aliamua tarehe 2 Aprili 1861 kwamba Zanzibar ijitegemee na iendelee kulipa reale 40,000 kwa mwaka. Uamuzi ulisema wazi kwamba malipo hayo si alama ya utii, bali ni njia ya kusawazisha urithi usiolingana. Mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa zilitangaza pamoja kwamba zitaheshimu uhuru wa masultani wote wawili, tangazo ambalo halikuizuia Uingereza kuifanya Zanzibar nchi lindwa mwaka 1890.

Kwa hiyo Canning simbebeshi lawama ya kuigawa dola. Lawama ninayombebesha ni kwamba tangu siku ile aliyetaka kiti cha Unguja alilazimika kwanza kutazama ubalozi wa Kiingereza unasemaje. Majid alipofariki mwaka 1870 bila mtoto wa kiume, Barghash, yule yule waliyempeleka Bombay, alikalia kiti kwa ridhaa yao, na miaka mitatu baadaye wakamlazimisha kulifunga soko la watumwa kwa tishio la kuzingirwa na manowari. Thuwaini hakuyaona hayo. Aliuawa na mwanawe Salim mwaka 1866.