Naomba ushauri: nafichaje madoa ya chunusi uso ubaki wa asili?

Habari zenu wapendwa. Naombeni msaada, hasa ninyi mnaopamba maharusi. Mwezi ujao mdogo wangu ana sendofu hapa Dar na mimi ndiye nitakayemsimamia.

Ngozi yangu ni maji ya kunde, ina mafuta sana puani na kwenye paji la uso. Chunusi zilishaisha, ila zimeniachia madoa meusi mashavuni. Nikipaka foundesheni nyepesi, madoa yanachungulia. Nikiongeza, uso unakuwa wa kijivu, shingo nayo inabaki na rangi yake, na jasho likianza tu inakatika pembeni mwa pua.

Naelewa kwamba kwa ngozi zetu unatangulia na korekta, yaani krimu ya kusawazisha rangi ya doa, ile ya rangi ya chungwa, juu ya doa lenyewe, kwa sababu inazima ule weusi wa kibluu, kisha konsila (krimu nzito ya kuficha madoa) kidogo, ndipo foundesheni nyembamba. Je, korekta unaigongagonga kwa kidole au kwa sponji yenye unyevu? Poda nayo ni uso mzima au penye mafuta tu? Halafu sanskrini yangu (krimu ya kukinga jua) ina zinki, picha za flashi zinanitoa mweupe. Sherehe ni usiku, kwa hiyo nadhani naweza kuiacha, au mnaonaje?

Mikorogo tafadhali msinitajie, rangi yangu naipenda. Na kama kuna duka Kariakoo wanaokujaribishia foundesheni kwenye taya kabla hujanunua, nielekezeni.