Anataja herufi zote lakini hawezi kusoma neno: nianzie wapi?

MamaKitinda ameuliza:

Ndugu wazazi na walimu, salaam. Mwanangu ana umri wa miaka 5. Anazitaja herufi zote bila kukosea, na anaimba "ba, be, bi, bo, bu" hadi mwisho wa jedwali, lakini nikimwandikia neno "bata" hutamka "be, a, te, a", kisha hutupia jicho mchoro ulio pembeni na kusema "kuku". Je, nimfundishe sauti ya kila herufi, au niendelee na silabi? Tena, kwa kuwa atahitaji kusoma Kiingereza pia, nianze lugha zote mbili kwa pamoja?

MwalimuMstaafu amejibu:

Mzazi mwenzangu, majina ya herufi yaweke kando kwanza. Jina "be" tayari lina sauti mbili ndani yake, kwa hiyo mtoto anayeunganisha "be" na "a" hatafika kwenye "ba" hata ajitahidi vipi. Anafanya kile hasa alichofundishwa.

Anza na konsonanti ambazo sauti yake inaweza kuvutwa kwa pumzi moja, kama vile m, s, l, n na f, pamoja na irabu a, i na o. Mtoto akitamka "mmmaaa" bila kukata pumzi, sauti zinaungana zenyewe mdomoni mwake. Ilhali b, t, k na p hazivutiki, na sisi watu wazima huzibandika irabu nyuma yake bila kujitambua. Hizo zifuate baadaye, na uzitamke kwa ufupi kadiri uwezavyo. Kwa m, s, l, a, i na o peke yake, mtoto anaweza kusoma "mama", "lala", "lima", "soma", "sisi" na "simama", na hayo ni maneno anayoyajua, si vipande visivyo na maana.

Hata kabla ya kushika kalamu, zoeza sikio. Mtamkie neno polepole, "m… o… t… o", naye akuambie umesema nini. Kisha mgeuze awe yeye anayekutegea. Mtoto asiyezisikia sauti hizo ndani ya neno atapata taabu kuzifuata kwenye karatasi. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Na huo mchoro ufunike mpaka awe amesoma, kwa maana kwa sasa anasoma picha.

BabaWaWatatu amejibu:

Naafikiana na Mwalimu kuhusu sauti, ila nisingependa silabi zidharauliwe. Kiswahili kina irabu 5 tu, kila moja ina sauti yake isiyoyumba, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Kwa hiyo mtoto akishaelewa kwamba m na a zinazaa "ma", hana sababu ya kuendelea kuchambua herufi mojamoja milele. Ubaya wa jedwali ni wimbo wake. Mtoto anayejua "bo" kwa sababu tu imefuata "bi" hajaisoma.

Andika silabi kwenye kadi, uzichanganye, umtake aunde maneno. Kisha mpe maneno ya kubuni, kama "losa" au "mifalo", ambayo hakuna anayeweza kuyakumbuka wala kuyakisia. Uingereza ina kipimo cha namna hiyo tangu mwaka 2012 kwa watoto wa miaka 5 na 6: husoma maneno 40, na nusu yake ni ya kubuni. Sishauri umfanyie mtoto mtihani nyumbani, lakini maneno 3 au 4 ya kuchekesha yatakuonyesha haraka kama anasoma au anakariri.

MsomaMengi amejibu:

Kuhusu Kiingereza, mimi ningengoja hadi asome sentensi fupi za Kiswahili bila kusukumwa. Kiingereza kina sauti zipatazo 44 kwa herufi 26, na herufi "a" pekee husomwa kwa namna kadhaa. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003 na kulinganisha lugha za Ulaya, ulionyesha kuwa watoto wanaoanza kusoma kwa Kiingereza huchelewa sana kuliko wale wa lugha zenye tahajia nyoofu, kama Kifini. Ujuzi wa kuunganisha sauti ukishapatikana kwa Kiswahili, hauhitaji kufundishwa upya; kitakachobaki ni sauti mpya na tahajia zake. Ukianza, tenga muda wake na kadi zake, ili "i" ya lugha moja isigongane na ya nyingine.

MamaKitinda ameandika:

Nashukuru sana. Nina maswali mawili yaliyobaki: nifanyeje na "ch", "ng'" na "mb"? Na je, kuchanganya b na d ni dalili ya tatizo?

MwalimuMstaafu amejibu:

"Ch", "sh", "th", "dh", "gh", "ny" na "ng'" zifundishe kila moja kama sauti moja, kwenye kadi moja, wala usizivunje. Herufi c haisimami peke yake katika maneno ya Kiswahili, hivyo usimsumbue nayo. "Mb", "nd" na "ng" ziache hadi silabi nyepesi zikae sawa, kisha mpigishe makofi: "mbuzi" ina makofi mawili, mbu-zi, na "mtu" nayo ina mawili, kwa sababu m yake ni silabi kamili. "Ngoma" na "ng'ombe" zitamkwe kwa kufuatana ili asikie tofauti.

Kugeuza b na d ni jambo la kawaida katika umri huo, na huweza kuendelea hadi miaka 7 hivi. Usizifundishe wiki moja. B ikishakomaa mkononi na mdomoni, ndipo ulete d. Lakini ikiwa hata kwa kusikia tu hatofautishi "baba" na "dada", mpeleke akapimwe masikio kabla ya kuendelea na masomo.