MREJESHO: Rimu za inchi 16 au nibaki na 14 kwenye Toyota Vitz?

Ndugu zangu, niliuliza kama rimu kubwa na tairi pana zitanipunguzia petroli kwenye mizunguko ya Malindi, Mambrui na Watamu. Ahsanteni sana, nimebaki na 14.

Kilichoniamulia ni mizani. Kwa fundi wa panchari pale mjini tulipima rimu ya 16 pamoja na tairi lake la 195 (upana kwa milimita), kisha yangu ya 14 yenye tairi la 165/70 (upana milimita 165, kimo asilimia 70 ya upana huo). Ile pana ilizidi kwa kilo kadhaa, na uzito huo injini huusukuma upya kila unapoondoka kwenye tuta. Pesa nikaziweka kwenye tairi mpya zenye lebo ya Ulaya inayopanga tairi kwa madaraja, daraja B la kuokoa mafuta (A ndiyo bora, E ya mwisho).

Upepo napima asubuhi, tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni mwa dereva. Jua la huku likishazipasha, geji hudanganya.

Tangi sasa linafika mbali zaidi, nami nimefurahi kweli. Imebaki alaimenti (kunyoosha magurudumu), anayejua fundi mzuri Malindi anielekeze.